Mlimau Anaumwa

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya tisini na nne bila mvua. Mbingu nyeupe kama sahani ya mtu mroho. Mlimau umekunja majani yake yote. Mpera umepukutisha nusu. Mkomamanga umebeba makomamanga manne, kila moja dogo kuliko kifungo cha koti. Hiyo ndiyo bustani yangu nzima: miti mitatu nyuma ya nyumba, kati ya jiko na ukuta wa shemeji.

Mke wangu alitoa tamko wakati wa chai. Mti wowote utakaokauka, hapohapo litajengwa banda la kuku. Nikamwuliza ni mti upi hasa anaoufikiria. Akasema wowote, ila mlimau ndio uliokaa mahali pazuri: karibu na jiko, kivuli cha asubuhi, upepo kidogo. Kumbe ameshalipangia hadi upepo!

Mlimau niliupanda wiki niliyostaafu ualimu. Miaka saba nimeulea. Haujanipa limau hata moja. Mwaka huu, katikati ya ukame, umetoa maua kwa mara ya kwanza. Mawili. Nayo yaondoke ili kuku wapate mahali pa kulala? Sikubali.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni seremala na ni jirani. Habari zilimfikia kabla chai haijapoa. Alasiri nilimkuta bustanini kwangu na futi mkononi, anapima. Nikamwambia mti bado uko hai. Akasema anajua, shemeji, wala hana haraka, anapima tu. Kisha akaugonga mlimau kwa kidole kama anayebisha hodi, akasikiliza, akatikisa kichwa.

Ofisi ya maji imebandika tangazo. Ndoo moja kwa kila mtu kwa siku. Mgonjwa asiyejiweza, mbili. Mjamzito, mbili. Ni marufuku kumwagilia mimea maji ya mgao. Atakayedanganya atanyimwa mgao kwa wiki mbili. Nililisoma mara tatu, si kwa sababu ya ukali wake bali kwa sababu mstari wa kwanza ulisema "maji zitatolewa saa moja." Maji zitatolewa! Nikatoa kalamu nyekundu nikasahihisha palepale ukutani. Foleni ikapiga kelele kwamba nawazibia njia. Sauti moja ikasema Mzee Nukta, yaani mimi, ameanza. Hakuna aliyeshukuru.

Sisi ni wawili, kwa hiyo ndoo mbili. Tupike, tunywe, tufue, tuoge. Kwa miti, hakuna hata kikombe. Lazima nifikiri.

Jumanne, 4 Februari

Nimefikiri. Marufuku ni kumwagilia. Kuoga si kumwagilia. Ni vitenzi viwili tofauti, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuvitofautisha. Mtu akiamua kuogea chini ya mlimau wake mwenyewe, hiyo ni starehe yake, na maji yakielekea mizizini, maji hayajui sheria.

Nilisimika nguzo nne, nikazungushia shuka, nikaweka jiwe la kusimamia. Saa kumi na mbili asubuhi nikaingia na ndoo na kopo. Mambo yalianza vizuri. Nilikuwa nimejipaka povu hadi kwenye nyusi kichwa cha shemeji kilipochomoza juu ya ukuta. Alitaka kujua kama nguzo zile ndizo za banda, kwa sababu kama ndizo, basi ya kushoto imekaa upande. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mtu anaoga. Akasema anaona.

Wakati huohuo upepo ukachukua shuka.

Nilihitaji kitu cha kushika, cha karibu, cha haraka. Nikaukumbatia mlimau kwa mikono yote miwili. Mlimau una miiba. Nililijua jambo hilo kwa muda mrefu, lakini kinadharia.

Mke wangu alinitoa miiba kumi na minne kwa sindano. Alicheka kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na nne, akaniuliza kama angalau mti nao umetakata. Kuna jambo baya zaidi: katika purukushani ile, ua moja lilianguka. Limebaki moja.

Jumatano, 5 Februari

Wazo limenijia nikiwa nimelala chali, maana kifudifudi bado haiwezekani.

Mgonjwa asiyejiweza hupata ndoo mbili. Mlimau ni mgonjwa. Haujiwezi. Unaishi kwangu. Yote haya ni kweli tupu! Kikwazo ni kimoja tu, nacho ni cha herufi chache. Nikiandika "Mlimau unaumwa," sipati kitu. Nikiandika "Mlimau anaumwa," napata ndoo mbili.

Miaka arobaini na moja nimefundisha kwamba viumbe wote wenye uhai huchukua ngeli ya A-WA, isipokuwa mimea. Leo nimeikalisha hiyo "isipokuwa" kitako na kuihoji. Nani aliiweka? Kwa haki gani? Mti unakunywa. Unapumua. Unakua, unazaa, unazeeka. Marehemu mjomba wangu alifanya machache kuliko hayo, na hakuna aliyewahi kumnyima A-WA yake.

Nikakaa mezani. Mkono ulikataa. Karatasi tatu za kwanza ziliharibika: kila nikifika kwenye kitenzi, U inajitokeza yenyewe kama kikohozi. Ya nne niliandika nimefumba macho. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

"Kwa heshima nakuarifu kwamba, mbali na mimi na mke wangu, wanaishi hapa pia Mlimau, Mpera na Mkomamanga. Mlimau ana umri wa miaka saba. Hajawahi kutembea wala kutamka neno. Sasa anaumwa na amedhoofika sana. Mpera amepinda mgongo, na bila ukuta wa kuegemea hali ingekuwa mbaya zaidi. Mkomamanga amebeba. Wote watatu wananitegemea mimi."

Hakuna uongo hata mmoja. Kuna makosa kumi ya upatanisho wa kisarufi. Niliyahesabu, nikanywa maji kidogo, nikatoka.

Karani wa ofisi ya maji nilimfundisha zamani. Alikuwa mvulana mpole mwenye kalamu chafu. Nilimpa sifuri kwenye insha kwa sababu aliandika "mti ameanguka," kisha nikamwagiza aandike sentensi sahihi ubaoni mara mia moja mbele ya wenzake. Leo ana meza yake na muhuri wake. Sikuona dalili kwamba anakumbuka.

Alisoma polepole. Alipofika kwa Mlimau alivua miwani. Akauliza mtoto ni wa nani. Nikasema wazazi wake siwajui, nilimchukua akiwa mdogo sana, urefu wa kiganja, nikamlea mwenyewe. Akasema mwalimu, pole, sikujua umebeba mzigo wote huo kimyakimya. Akauliza Mkomamanga ana miezi mingapi. Nikasema miezi sijaihesabu, ila nimehesabu manne. Akashtuka. Akaandika "mapacha" na alama ya mshangao, ambayo haikuhitajika.

Nimepewa kadi tatu, ndoo mbili kwa kila moja. Ndoo sita kwa siku, zaidi ya zetu! Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu wa miaka hamsini.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi!

Kabla jua halijachomoza nilikwishafika kwenye tangi la ofisi na toroli. Nilitoboa chupa za plastiki kwenye vifuniko, nikazifukia mdomo chini pembeni mwa mizizi, nikazijaza maji yadondoke taratibu ardhini. Juu nikatandaza majani makavu ili jua lisilambe unyevu. Mlimau nilioutazama saa mbili asubuhi haukuwa ule wa jana. Ua lake lilisimama wima. Nilimwita shemeji aje alione. Alilitazama, akanitazama mimi, akauliza maji nimeyatoa wapi. Nikamwambia elimu haina mwisho. Akaondoka anakunja futi yake. Furaha iliyoje!

Ilidumu hadi saa sita.

Saa sita mke wangu alirudi kutoka kwenye foleni. Ndoo yake ilikuwa tupu. Aliiweka chini polepole. Mwanamke akitupa ndoo, kuna jambo. Akiiweka polepole, kuna jambo kubwa.

Kumbe foleni nzima ilimpa hongera. Wakamwuliza mke mwenzake anaendeleaje, kama miguu imeanza kuvimba, na kama ni kweli wako wanne. Mwanamke mmoja alimsifu kwa moyo wake mkubwa, akasema yeye angekwisha kummwagia mtu maji ya moto.

Akaniuliza Mkomamanga ni nani. Nikasema ni mti. Akasema anajua kwamba mkomamanga ni mti, amekuwa akiuona kila siku anapoanika nguo, anachouliza yeye ni huyo Mkomamanga mwenye tumbo ni nani. Nikamweleza habari ya ngeli ya A-WA na isipokuwa yake. Alisikiliza amefumbata mikono. Nilipomaliza alisema, "Mwalimu, rudia. Taratibu. Na safari hii uniangalie usoni."

Sijamaliza kurudia, shemeji akaingia. Alisema hakuja kama seremala, amekuja kama kaka, ingawa futi alikuwa nayo. Alitaka kujua kama kweli dada yake, katika umri huu, na baada ya yote aliyonivumilia, nimemfanyia hivi. Nikawachukua wote wawili hadi bustanini nikawaonyesha Mkomamanga, na makomamanga yake manne.

Shemeji aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaushika tawi kama anayemshika mtu mkono, akasema, "Hongera, mama."

Mke wangu alicheka mpaka akakalia ndoo. Alipomaliza kucheka uso ulibadilika ghafla. Akasema kwenye foleni ile kuna watu wana wagonjwa kweli, wanasubiri juani. Kesho niende nikaifute barua, kabla ofisi haijatufuta sisi. Wiki mbili bila mgao, alisema, mlimau utakufa wa kwanza, wa pili nitakuwa mimi, na yeye ataenda kwa kaka yake.

Nimeahidi.

Ijumaa, 7 Februari

Nilikwenda kwa nia njema kabisa. Naliandika hili kwanza ili lisisahaulike.

Nilikuwa na sentensi moja tayari: "Nimekuja kuiondoa barua yangu kwa kuwa ina makosa." Nilipofika niliikuta barua haipo kwenye jalada. Ilikuwa ukutani. Karani ameibandika juu ya foleni, kwenye karatasi ngumu, na amepiga mstari chini ya sentensi mbili kwa wino wa bluu. Alikuwa akiwaambia watu waliopanga foleni kwamba hivi ndivyo barua rasmi inavyoandikwa: fupi, wazi, alama zote mahali pake. Akaniona. Akasema, "Huyo hapo mwenyewe! Mwalimu wangu."

Watu waligeuka. Wengine waliinamisha vichwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto alinipisha nipite mbele.

Nikamwambia karani, kwa sauti ya chini, kwamba barua ile huenda ina makosa fulani. Akasema haiwezekani. Nikasema inawezekana. Akasema basi, mwalimu, tuonyeshe, tujifunze. Akanipa kalamu. Nyekundu!

Foleni nzima ikanyosha shingo. Nikaitazama barua. Makosa kumi yalinitazama. Tangu niache kufundisha, hakuna aliyebandika maandishi yangu popote.

Nikasema, "Hapana. Iko sawa."

Karani akapiga makofi. Foleni ikafuata. Kisha akanipa habari njema, kama alivyoiita: barua imemgusa kiasi kwamba amezungumza na zahanati. Kesho saa nne asubuhi atafika kwangu yeye mwenyewe pamoja na muuguzi. Watamletea Mlimau kiti cha magurudumu. Mpera atapimwa mgongo. Na Mkomamanga, kwa hali yake, lazima aangaliwe mapema.

Mke wangu aliuliza nimefikia wapi. Nikamwambia suala linashughulikiwa.

Alasiri yote nimewaza. Nina shuka tatu safi.

Jumamosi, 8 Februari

Saa tatu na nusu nilikuwa nimekwisha kuifunika miti yote mitatu kwa shuka, kutoka juu hadi chini. Mpango wangu: wagonjwa wamelala. Mtu mstaarabu hamfunui mgonjwa aliyelala. Atasimama mlangoni, atasema pole, atanywa chai, ataondoka. Mke wangu alisimama jikoni akiutazama mpango huo. Alikuwa anaosha vyombo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakaja saa nne kamili. Karani amevaa tai. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa kijeshi, anasukuma kiti kidogo cha magurudumu chenye utepe. Nikawaambia wagonjwa wamepumzika uani, kwa ajili ya hewa, na wasingependa kusumbuliwa. Muuguzi akasema wagonjwa wake wote husema hivyo. Akamwuliza mke wangu mjamzito yuko wapi. Mke wangu akanyosha kijiko kuelekea bustanini. Kijiko tu! Miaka thelathini na nane ya ndoa, na hakuweza hata kukinyosha upande mwingine.

Muuguzi alifika kwa Mkomamanga. Akaongea na shuka kwa upole, akasema mwanangu, usione haya, mimi pia ni mzazi. Kimya. Akasema basi toa mkono tu nikupime. Kimya. Akaingiza mkono chini ya shuka.

Alikaa hivyo kidogo. Kisha akauliza, bila kugeuka, huyu mgonjwa hajala tangu lini.

Juu ya ukuta kichwa cha shemeji kilikuwa kimeshafika. Karani akafunua shuka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaikunja kila moja vizuri. Akatoa barua yangu mfukoni, maana alikuwa ameibandua aje nayo, akaanza kuisoma kwa sauti akitembea kutoka mti hadi mti. Miaka saba. Kweli. Hajawahi kutembea. Kweli. Amepinda mgongo. Akautazama mpera. Kweli. Amebeba. Akayahesabu makomamanga. Manne.

Akakaa kwenye kiti cha magurudumu. Kilikuwa kidogo, magoti yalimfika kidevuni.

Akasema, "Mwalimu. Kila kitu humu ni kweli. Sasa nieleze neno moja tu. Kwa nini 'anaumwa'?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Majibu yalikuwa mawili. La kwanza: niliandika hivyo kwa makusudi, ili nipate maji. Hilo ni udanganyifu, na adhabu yake ni wiki mbili bila mgao. La pili: nilikosea sarufi. Hilo halina adhabu yoyote katika tangazo. Lakini niliseme mimi? Mbele ya shemeji? Mbele ya mtu niliyempa sifuri?

Nilijaribu njia ya tatu. Nikaanza kumweleza kuhusu ile "isipokuwa," na mjomba wangu. Akainua mkono. Akasema la kwanza au la pili.

Niliutazama mlimau. Ua lake moja lilikuwa limelegea kidogo kwa joto la shuka.

Nikasema, "Nilikosea upatanisho."

Karani akauliza, "Mara ngapi?"

Nikasema, "Kumi."

Shemeji alianguka. Nilisikia mbao zake upande wa pili zikiporomoka, halafu kicheko kikitokea chini ya mbao.

Karani hakucheka. Alisema makosa kumi kwa mtu mwenye elimu yangu ni mengi, na kwamba anaikumbuka dawa yake. Kumbe alikumbuka tangu siku ya kwanza! Jumatatu asubuhi, ubao ulio nje ya ofisi, mbele ya foleni. "Mlimau unaumwa." Mara mia moja. Kadi tatu akazichukua. Muuguzi akakinyanyua kiti chake, akaniambia jioni ninywe maji ya kutosha, na nipunguze kukaa juani.

Jumapili, 9 Februari

Sikutoka. Nilifanya mazoezi ya mwandiko.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeandika.

Foleni ya leo ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Watu ambao hawakuwa na ndoo nao walikuja. Walihesabu kwa sauti, wote pamoja, kama watoto wanaoruka kamba. Kufikia arobaini nilikuwa nimeshapata mwendo mzuri, na nathubutu kusema ubao ule haujawahi kuwa na herufi zilizonyooka vile. Kufikia sitini waliacha kunicheka, wakaanza kunitia moyo.

Mstari wa sitini na tatu niliandika "anaumwa."

Sijui ilikuwaje. Mkono tu. Kelele zilizopigwa ziliwatoa makarani wote nje. Karani wangu akaja, akautazama mstari, akachukua kifutio, akafuta ubao mzima. Akanirudishia chaki. Moja, wakaanza kuhesabu.

Nilifika nyumbani saa nane, mkono umekufa ganzi. Nikaenda moja kwa moja kwa mlimau. Ua halikuwepo! Petali tano kavu chini, basi. Nikakaa ardhini. Nilijiambia ndiyo mwisho wake: miaka saba, aibu yote ile, na kesho seremala.

Mke wangu akatoka na beseni. Akaniambia nisogee. Akamimina maji ya kuoshea vyombo kwenye shina, taratibu, akizungusha beseni kama mtu aliyekwisha kulifanya jambo hilo mara nyingi. Nikauliza anafanya nini. Akasema anachofanya kila siku baada ya kuosha vyombo, tangu mvua ilipokoma. Maji ya vyombo kwa mlimau, ya kufulia kwa mpera, ya kunawia kwa mkomamanga. Kwani nilidhani miti ile imeishi siku mia moja kwa kutazamwa?

Kisha akainama, akasogeza jani moja kwa kidole, akanionyesha. Pale ua lilipokuwa, kwenye kikonyo, palikuwa na kitu cha kijani. Kidogo kuliko punje ya mchele. Limau.

Nikalihesabu: moja. Baadaye nilimwuliza kwa nini basi alitishia banda. Akasema banda analitaka kweli, ila kwa kaka yake upande wa pili, wameshakubaliana. Alitaja mlimau kwa sababu mtu aliyestaafu akikosa shughuli huanza kusahihisha barua za mapenzi za wajukuu zake, na mwaka jana nilisahihisha mbili.

Aliongeza kwamba ushauri wake ni mmoja: niache mipango, niliachie beseni nafasi. Nilimsikiliza kwa makini sana.

Jumatano, 12 Februari

Ofisi ya maji imebandika tangazo jipya. Nililisoma lote. Halina kosa hata moja, karani amejitahidi. Linasema: "Mimea inaruhusiwa kupewa maji yaliyotumika tu."

Yaliyotumika. Nimelitafakari neno hilo tangu jana. Yametumika vipi? Halisemi! Mke wangu anadhani ni kuosha vyombo. Hayo ni mawazo finyu. Kitu hutumika kwa namna nyingi. Chaki hutumika. Mfano hutumika. Kwa nini maji yasitumike kama kifaa cha kufundishia?

Leo saa moja asubuhi nilichukua ndoo moja ya maji safi, nikaiweka juu ya meza uani, nikamwita shemeji kutoka kwenye banda analojenga kwake. Nikamfundisha kwa dakika kumi. "Maji haya ni safi. Maji haya yamejaa. Maji haya yametoka tangini." Alirudia vizuri, isipokuwa ya tatu. Somo lilipokwisha, maji yale kisheria yalikuwa yameshatumika, tena yametumika kwa manufaa ya umma. Nikayamimina yote kwenye mpera.

Mke wangu anauliza maji ya kupikia yako wapi. Nimemjibu kwamba suala linashughulikiwa.

Kasoro ya njia hii ni moja: ndoo moja kwa somo moja ni kazi kubwa kwa mtu wa umri wangu. Lakini pale ofisini kuna tangi la lita elfu kumi, na hakuna sheria inayozuia tangi zima kutumika katika sentensi moja. Kesho nitafika mapema, kabla ya foleni. Sentensi nimekwisha kuiandika. Nimeikagua mara tatu, na upatanisho wake hauna kasoro.